Shajara ya mradi: kuchimba mabaki ya Friends Reunited, kutoka Barnet hadi Dundee

Kazi iliyopo ni kujenga upya ratiba ya Friends Reunited, mtandao wa kijamii uliowakutanisha watu waliosoma shule moja. Ulianzia Barnet, kaskazini mwa London, mwaka 2000, ukanunuliwa na kituo cha televisheni, ukaangukia mikononi mwa kampuni ya Dundee, Scotland, na ukafungwa mwaka 2016. Kinachotakiwa mwishoni ni jedwali ambalo kila mstari una tarehe, dai, chanzo na daraja la uhakika. Daraja A ni hati rasmi ya wakati uleule, B ni ukurasa uliohifadhiwa, C ni masimulizi ya baadaye.

Wanaosimulia habari za mtandao huu kwa kawaida hukimbilia hukumu moja, kwamba Facebook iliuua. Hukumu hiyo ina ukweli lakini ni nyepesi mno. Kipindi cha Dundee, ambacho wengi hukipita kwa sentensi moja, ndicho kinachoonyesha mali yenye thamani ilikuwa ipi, na ndicho kilichopewa nafasi kubwa katika mradi huu.

Ingizo 1: Mifupa ya ratiba

Mistari ya kwanza ya jedwali imejazwa kwa mambo yasiyo na ubishi. Waanzilishi ni Steve na Julie Pankhurst pamoja na Jason Porter, na tovuti ilifunguliwa Julai 2000. Wazo halikuwa geni, kwa kuwa Marekani tayari ilikuwa na Classmates.com tangu 1995. Kufikia mwisho wa 2000 kulikuwa na wanachama wapatao 3,000. Mwaka mmoja baadaye walikuwa milioni 2.5 hivi. Ukuaji huo ulitokea nyumba nyingi zikiwa bado zinapiga simu ili kuingia intaneti, kwa hiyo ni mkubwa kuliko unavyosomeka leo.

Desemba 2005 ITV, kituo cha televisheni cha Uingereza, ililipa pauni milioni 120, na ahadi ya kuongeza hadi milioni 55 kutegemea matokeo ya biashara hadi 2009. Agosti 2009 ilitangaza kuuza kwa pauni milioni 25 kwa brightsolid, kampuni tanzu ya mchapishaji DC Thomson wa Dundee. Mauzo yalikamilika Machi 2010. Tovuti ilizinduliwa upya Machi 2012 na kufungwa 26 Februari 2016.

Ukilinganisha milioni 25 na malipo ya awali peke yake, iliyobaki ni takriban asilimia 21. Usijumlishe zile milioni 55 za ahadi na kuziita bei ya ununuzi, kama inavyofanyika mara nyingi. Malipo yenye masharti huingia kwenye mstari wake, na lazima uandike kama ni kiwango cha juu kilichoahidiwa au fedha iliyotoka kweli.

Hali: imekamilika, madaraja A na B.

Ingizo 2: Kuvuta orodha ya nakala

Chanzo kikuu cha kurasa za zamani ni Wayback Machine, hifadhi ya wavuti ya Internet Archive. Usianze kwa kubofya kalenda yake. Anza na faharasa yake, CDX, inayorudisha mstari mmoja kwa kila nakala: muda kwa tarakimu 14, anwani ya asili, aina ya faili, msimbo wa hali na alama ya utambulisho ya yaliyomo. Ombi la msingi ni hili:

`web.archive.org/cdx/search/cdx?url=friendsreunited.co.uk&fl=timestamp,original,mimetype,statuscode,digest&output=json`

Kwa ukurasa wa mbele peke yake ongeza `collapse=timestamp:6`, upate nakala moja kwa kila mwezi. Hapo kuna mtego. Kigezo cha `collapse` hulinganisha mistari iliyopakana tu, na matokeo hupangwa kwa anwani kwanza, kisha kwa muda. Ukiweka `matchType=domain` ili uvute tovuti nzima na kuacha `timestamp:6` palepale, nakala ya mwisho ya ukurasa mmoja ikiwa ya mwezi uleule na nakala ya kwanza ya ukurasa unaofuata, nakala hiyo ya ukurasa wa pili inamezwa kimyakimya. Hakuna kosa linaloonyeshwa. Kwa hiyo gawa kazi mara mbili: kwanza `matchType=domain` pamoja na `collapse=urlkey` ili kupata orodha ya anwani za pekee, kisha kwa kila anwani unayoitaka omba upya ukitumia `timestamp:6`.

Mtego wa pili ni kuchuja kwa `statuscode:200`, yaani kurasa zilizopatikana bila kosa tu. Mtambo wa kuhifadhi unapokuta ukurasa haujabadilika tangu ulipohifadhiwa, mara nyingine huandika rekodi fupi ya aina ya `warc/revisit`, na safu ya hali hubaki na kistari. Ukichuja kwa 200 pekee, miezi hiyo hutoweka, nawe utaandika kwamba ukurasa haukuwepo wakati ulikuwepo bila badiliko lolote. Tumia `filter=!statuscode:[45]..` uondoe makosa na kuacha vistari vyake.

Kwa kupakua ukurasa wenyewe, weka `id_` mara tu baada ya zile tarakimu 14. Utapata baiti zilivyohifadhiwa, bila upau wa juu na bila viungo vilivyoandikwa upya. Ukiomba muda ambao hauna nakala, seva hukuelekeza kwenye nakala iliyo karibu zaidi, na neno "karibu" hapo linaweza kuwa mwaka mzima. Skripti yetu husoma anwani ya mwisho iliyofikiwa, inalinganisha muda, na kukataa tofauti inayozidi siku 31. Kati ya ombi na ombi kuna sekunde 4 za kusubiri. Likija jibu la 429 (maombi yamezidi), subiri sekunde 60, na ukikataliwa tena ongeza muda huo maradufu. Kuharakisha hakusaidii, kwa sababu ukizuiwa unapoteza saa nyingi kuliko ulizookoa.

Kilichomo ndani ya nenosiri hakikuhifadhiwa. Orodha za wanafunzi, ujumbe na picha vilikuwa nyuma ya mlango wa kuingilia. Kilichobaki hadharani ni kurasa za mbele, maelezo ya ada, masharti ya matumizi, msaada, matangazo ya kampuni na sehemu ndogo ya kurasa za shule. Mradi lazima uishi na hilo.

Ingizo 3: Alama ya pauni inapotea

Lengo lilikuwa kuvuna bei zote kutoka kwenye kurasa za ada kwa kutafuta alama ya pauni ikifuatwa na tarakimu. Mavuno ya kurasa za miaka ya mwanzo hutoka matupu, ingawa kwa macho bei inaonekana. Sababu ni usimbaji wa herufi. Kurasa nyingi za Uingereza za wakati huo ziliandikwa kwa windows-1252, ambamo pauni ni baiti moja, A3. Katika UTF-8 pauni ni baiti mbili, C2 A3. Ukifungua ukurasa wa zamani kwa UTF-8, ile A3 pekee si halali na hugeuzwa alama ya swali ndani ya almasi, na hapo utafutaji hauna cha kukamata.

Utaratibu unaofanya kazi: soma usimbaji uliotajwa na seva, kisha uliotajwa ndani ya ukurasa, kisha jaribu UTF-8 kwa masharti makali, na ikishindikana tumia windows-1252. Usitumie ISO-8859-1 kwa kudhani ni kitu kilekile, kwa sababu baiti kati ya 80 na 9F, zikiwemo alama za kunukuu zilizopinda, zitaharibika. Kanuni ya kutafutia bei ikubali pia `£`, ambayo waandishi wa kurasa waangalifu waliitumia kukwepa tatizo hilohilo.

Hali: imekamilika. Kanuni imejaribiwa kwa kurasa zilizosomwa kwa macho kabla ya kuachiwa itembee peke yake.

Ingizo 4: Ada, na kwa nini ilifaa kisha ikadhuru

Kujiandikisha na kutazama nani yupo kulikuwa bure. Kumwandikia mtu ndiko kulikolipiwa: pauni 5 kwa mwaka, baadaye 7.50. Kwa mwaka 2001 huo ulikuwa ubunifu mzuri. Biashara nyingi za intaneti zilizotegemea matangazo zilikuwa zimeanguka, wakati hapa kila udadisi uligeuka fedha taslimu. Mtu anaona jina la rafiki aliyepoteana naye miaka 20, na kati yao kuna pauni 5 tu. Atalipa.

Tatizo limo katika hatua inayofuata. Ujumbe wa kwanza ukishajibiwa, wawili hao hupeana namba ya simu na barua pepe, na tangu hapo hawauhitaji mtandao. Kadiri huduma inavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo inavyompoteza mteja mapema. Shule nazo zina mwisho. Darasa la watu 30 likishapatikana lote, hakuna jina jipya la kusubiri. Mwanachama anabaki kwenye hesabu bila kurudi, na ndiyo sababu idadi ya wanachama waliojiandikisha, ambayo kurasa za mbele ziliitangaza kwa fahari, si kipimo cha uhai. Kwenye jedwali tumeitenga katika safu yake na kuipa jina "waliowahi kujiandikisha".

Sasa weka tarehe ubavuni. Facebook ilifunguliwa kwa kila mtu mwenye miaka 13 na zaidi Septemba 2006, bila ada, na ikiwa na jambo jipya la kuangalia kila siku. ITV iliondoa ada ya kuwasiliana mwaka 2008. Katika muda huo wa katikati, mtu aliyetaka kumsalimia mwenzake wa darasani alikuwa na mlango mmoja wa kulipia na mwingine wa bure. Baada ya 2008 ada haikuwepo tena, lakini sababu ya kurudi haikuongezwa, na mapato yakahamia kwenye matangazo yanayohitaji watu warudi mara kwa mara. Hilo lilikuwa kosa la mpangilio: waliondoa chanzo cha fedha kisichohitaji ziara nyingi na kuweka kinachozihitaji, katika tovuti ambayo tangu mwanzo ilijengwa kwa ziara chache.

Mwaka huohuo wa 2008 ITV yenyewe ilikuwa taabani. Iliripoti hasara ya pauni bilioni 2.7, sehemu kubwa ikitokana na kushusha thamani ya mali vitabuni. Mwenye mali aliye katika hali hiyo hauzi kwa kungojea bei nzuri.

Kuna mstari mmoja wa jedwali usiohusu fedha lakini haufai kuachwa. Mwaka 2002 mahakama ya Lincoln ilimwamuru mwanafunzi wa zamani amlipe mwalimu mstaafu fidia ya pauni 1,250 kwa maneno aliyoyaandika juu yake kwenye tovuti. Kila mtu aliruhusiwa kuandika kumbukumbu za walimu wake, na hakuna mhariri aliyepitia kabla. Masharti ya matumizi yasomwe kwa mfululizo wa nakala za kila mwezi, kabla na baada ya hukumu, ukitumia `diff`, programu ya kulinganisha maandishi, kwa maneno badala ya mistari, maana aya nzima za masharti mara nyingi zimekaa kwenye mstari mmoja wa HTML.

Ingizo 5: Shule za Scotland hazikai vizuri kwenye safu ya "mwaka wa kuondoka"

Mpangilio wa mtandao ulikuwa shule kisha mwaka wa kuondoka. Kwa Scotland hilo linamtawanya mtu na wenzake. Msingi ni madarasa saba, P1 hadi P7, na sekondari ni sita, S1 hadi S6. Mwanafunzi anaweza kuondoka mwisho wa S4, S5 au S6, na sheria ina tarehe mbili za kuondoka kwa wanaotimiza miaka 16: waliozaliwa kati ya 1 Machi na 30 Septemba wanaweza kutoka mwisho wa Mei, na waliozaliwa kati ya 1 Oktoba na mwisho wa Februari husubiri likizo ya Krismasi.

Chukua darasa moja lililoingia S1 Agosti 1988. Wa kwanza anatoka Mei 1992 akimaliza S4. Wa pili anatoka Desemba 1992 akiwa ameanza S5. Wa tatu anatoka kiangazi cha 1993, wa nne kiangazi cha 1994. Waliokaa dawati moja miaka minne wanasambaa kwenye orodha tatu, na yule wa Desemba anachanganywa na waliomtangulia. Marekebisho ni kuhesabu kurudi nyuma hadi mwaka wa kuingia S1: chukua mwaka ambao mwaka wake wa mwisho wa masomo ulianza Agosti, toa idadi ya madarasa aliyovuka tangu S1. Aliyetoka Desemba 1992 akiwa S5 yupo katika mwaka wa masomo ulioanza Agosti 1992. Toa 4, unapata 1988. Aliyetoka kiangazi cha 1994 akiwa S6 yupo katika mwaka ulioanza Agosti 1993. Toa 5, unapata 1988. Fomula inahitaji mtu ataje darasa alilofikia, kwa hiyo yeyote atakayejenga huduma ya aina hii kwa Waskoti aweke swali hilo kwenye fomu tangu siku ya kwanza. Kuliongeza baadaye ni kuwasumbua watu ambao hawaingii tena.

Majina ya shule nayo yanahama. Dundee ilikuwa chini ya Mkoa wa Tayside kuanzia 1975 hadi 1996, Scotland ilipogawanywa upya kuwa na halmashauri 32, na anwani za zamani hubeba jina la mkoa ambao haupo. Menzieshill High School ilifungwa 2016 na wanafunzi wake wakaenda Harris Academy. Usiziunganishe shule mbili za namna hiyo kuwa rekodi moja. Weka rekodi mbili na kiungo chenye tarehe, kwa sababu aliyesoma Menzieshill hatajitafuta Harris. Namba ya utambulisho ya shule za Scotland ina tarakimu saba na inafaa kuwa ufunguo, ila orodha za sasa huacha shule zilizofungwa, kwa hiyo tafuta orodha za miaka ya nyuma.

Hali: muundo umekamilika, orodha ya shule zilizofungwa inaendelea kujazwa.

Ingizo 6: Dundee ilinunua nini

Hapa ndipo mradi ulipokuwa na utajiri kuliko kwingine kote.

Brightsolid ilianza 1995 kwa jina la Scotland On Line, ikauza huduma za intaneti, na baadaye ikashika kazi ya kuendesha ScotlandsPeople, tovuti rasmi ambako watu hulipia kuona rekodi za kuzaliwa, ndoa, vifo na sensa za Scotland. Mwaka 2007 ilinunua Findmypast, tovuti ya kutafuta nasaba. Mwaka 2008 ikabadili jina kuwa brightsolid. Januari 2009 ilifungua sensa ya 1911 ya England na Wales kwa ushirikiano na hifadhi ya taifa ya huko. Kwa maneno mengine, ilipofika Agosti 2009 kampuni hii ya Dundee ilikuwa hodari wa biashara moja: majina ya waliokufa, yaliyopigwa picha, yakaandikwa upya na kuuzwa kwa kila utafutaji.

Kundi la Friends Reunited lilikuwa na tawi la nasaba, Genes Reunited, lililoanza mwishoni mwa 2002 kwa jina la Genes Connected. Muda wake ulikuwa mzuri. Januari mwaka huo sensa ya 1901 iliwekwa kwenye intaneti na seva zikazidiwa kwa wingi wa watu, ishara ya wazi kwamba umma una njaa ya kutafuta wahenga wake. Kwenye Genes Reunited mwanachama alipandisha mti wa ukoo wake, mfumo ukalinganisha majina, mwaka na mahali pa kuzaliwa, kisha ukamwonyesha nani mwingine ana babu yuleyule. Tofauti na darasa la shule, ukoo hauna mwisho. Kila kizazi unachopanda, idadi ya wazazi wa kutafutwa huwa maradufu: 2, 4, 8, 16, 32. Anayetafuta ana sababu ya kulipia mwaka unaofuata.

Ushahidi kwamba nasaba ndiyo iliyokuwa kiini haumo kwenye kurasa za matangazo. Umo katika uchunguzi wa ushindani. OFT, ofisi ya serikali ya biashara ya haki, ilipeleka ununuzi huo kwa Competition Commission, tume ya ushindani, Novemba 2009, na hoja haikuwa mitandao ya kijamii hata kidogo. Ilikuwa kwamba mmiliki wa Findmypast angekuwa pia mmiliki wa Genes Reunited. Machi 2010 tume iliruhusu, ikiona kuwa huduma hizo mbili hazikuwa washindani wa karibu na kwamba Ancestry, tovuti nyingine ya nasaba, ilibaki mshindani mkubwa sokoni. Kurasa zote hizo za uchunguzi, na marafiki wa shule wanaonekana pembeni tu.

Jinsi ya kusoma ripoti ya aina hii: tume yenyewe ilivunjwa 2014, kwa hiyo tafuta hati kwenye UK Government Web Archive. Pakua ripoti ya mwisho, ya awali na mihtasari ya mashahidi kila moja kwa faili yake. Namba za siri za biashara zimefutwa na mahali pake kuwekwa alama ya mkasi ndani ya mabano. Ukitoa maandishi kwa `pdftotext`, alama hiyo inaweza kugeuka kisanduku, herufi ngeni, au mabano matupu, na jedwali likasogea safu moja kushoto. Ndiyo maana kila jedwali lilinganishwe kwa macho na picha ya ukurasa. Usijaribu kukisia namba iliyofutwa kwa kutoa jumla. Mara nyingi jumla zenyewe zimetolewa kama makadirio kati ya namba mbili.

Hesabu za mwaka za kampuni ziko Companies House na tangu 2015 ni bure. Namba za kampuni zilizosajiliwa Scotland huanza na SC, ukitafuta bila herufi hizo huenda usiipate. Hesabu za miaka hiyo ni picha za karatasi. Zigeuze kwa `pdftoppm -r 300 -gray`, kisha Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, na `--psm 6` kwa majedwali. Kosa la hatari kuliko yote ni mabano. Wahasibu wa Uingereza huandika hasara ndani ya mabano bila alama ya kutoa, na usomaji wa mashine ukiyadondosha, hasara inakuwa faida. Kagua kwa kujumlisha kila safu na kulinganisha na jumla iliyochapwa. Soma pia kichwa cha safu kama kinasema maelfu.

Hali: ripoti ya tume imesomwa yote. Hesabu za kampuni zinaendelea.

Ingizo 7: Uzinduzi wa 2012

DC Thomson ndiyo mchapishaji wa The Courier, The Sunday Post na The Beano. Ana hazina ya kumbukumbu za Waskoti kuliko karibu nyumba yoyote nyingine. Novemba 2011 brightsolid na British Library walifungua British Newspaper Archive, wakikusudia kupiga picha kurasa milioni 40 za magazeti katika miaka 10. Kwa hiyo Friends Reunited mpya ya Machi 2012 iligeuzwa nyumba ya kumbukumbu: picha za kale, matukio ya miongo iliyopita, na masanduku ambamo mwanachama aliweka vitu vyake vya kukumbukwa.

Kwa maoni yetu wazo lilikuwa sahihi kwa mmiliki na halikufaa kwa wanachama. Mtu aliyejiandikisha 2001 aliingia kumtafuta mtu mmoja mwenye jina. Picha ya barabara ya 1965 inapendeza, ila haimjibu. Juu ya hapo kulikuwa na kikwazo kisichopona: barua pepe za watu waliojiandikisha miaka kumi nyuma zilikuwa za kazini au za kampuni za intaneti walizokwisha kuhama. Mwaliko wa kurudi haumfikii mwenye anwani iliyokufa, na aliyesahau nenosiri hawezi kulibadilisha kupitia sanduku la barua asilolimiliki tena. Yeyote anayeendesha mtandao wa aina hii aombe njia ya pili ya mawasiliano wakati mwanachama bado anaingia, na apime kila mwaka anwani ngapi zinarudisha barua. Anwani ikikataa mara tatu kwa msimbo wa kudumu wa 5xx, akaunti hiyo haifikiki, na ihesabiwe hivyo.

Ingizo 8: Kufunga

Kabla ya mwisho tovuti ilikuwa imerudi mikononi mwa waanzilishi. Januari 2016 Steve Pankhurst alitangaza kwamba itafungwa, akieleza kwamba kati ya zaidi ya milioni 10 waliojiandikisha, wengi walikuwa hawafikiki tena na wachache mno ndio waliokuwa wakiitumia kama ilivyokusudiwa. Kutoka tangazo hadi 26 Februari hazikupita wiki 6. Kwa tovuti ambayo watu wengi huingia mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, muda huo ni mfupi. Anayeingia mara moja kwa mwaka anahitaji tangazo la miezi 12 ili alione.

Genes Reunited haikufungwa pamoja nayo. Ilibaki na familia ya Findmypast na kuendelea baada ya 2016. Mstari huo mmoja wa jedwali una uzito kuliko mingi, kwa sababu unaonyesha sehemu ipi ya ununuzi wa 2010 mwenye mali aliamua kuishikilia.

Ingizo 9: Majina ya watu

Nakala chache za kurasa za shule zina majina ya watu walio hai. Hayaingii kwenye jedwali. Penye haja ya kuhesabu, jina hugeuzwa kuwa heshi, alama isiyoweza kurudishwa kuwa jina, kwa HMAC-SHA256 na ufunguo wa siri uliowekwa kwenye mashine nyingine. Heshi ya kawaida isiyo na ufunguo haitoshi: ukijua shule na mwaka, majina yanayowezekana ni machache kiasi kwamba mtu anaweza kuyajaribu yote kwa dakika chache. Faili za WARC (umbizo la kuhifadhi kurasa za wavuti) zenye kurasa hizo zimetengwa, zimefungwa kwa nenosiri, na hazitatolewa pamoja na mradi.

Yaliyobaki

National Library of Scotland, Edinburgh, ni maktaba ya amana ya kisheria, yaani yenye haki ya kupata nakala ya machapisho ya nchi, na tangu Aprili 2013 kanuni zinaruhusu maktaba hizo kuvuna tovuti za Uingereza bila kuomba idhini kwa kila moja. Mavuno ya 2013 hadi 2016 ndiyo yanayotarajiwa kuwa na kurasa za miaka ya mwisho. Kusoma ni ndani ya chumba cha maktaba tu, kunakili faili hakuruhusiwi, kwa hiyo fomu ya karatasi imeandaliwa yenye safu za muda, anwani, kichwa cha ukurasa na namba ya wanachama kama ilivyochapwa. Shambulio la mtandaoni la Oktoba 2023 dhidi ya British Library lilivuruga huduma za UK Web Archive, hifadhi ya tovuti ya maktaba hizo, hivyo kabla ya kusafiri uliza maktaba kama mavuno ya mwaka unaoutaka yanafunguka kwenye mashine zao. Kurasa za kutafutwa kwanza ni za ada na msaada za 2013, kisha masharti ya matumizi, kisha ukurasa wa mbele wa Januari na Februari 2016.